Kutoka dola 10,000 hadi chini ya 45: maswali tunayoulizwa sana kuhusu ARV, hataza na haki ya kupata dawa

Maswali haya yametoka kwenye benchi la kliniki, kwenye vikao vya Konga (umoja wetu tunaoishi na VVU) na kwenye simu za usiku. Mengine huulizwa kwa sauti, mengine kwa kunong'ona mlangoni mtu akishaaga. Yameanzia na ya msingi. Ukiona jibu limetaja swali jingine kwa namba, maelezo kamili yako huko. Mambo ya dozi hayamo humu, hayo ni ya daktari wako.

## Ya msingi

1. Dawa napewa bure. Bei yake inanihusu nini?

Ni bure pale dirishani tu. Nyuma ya dirisha kuna anayelipa, na kwa nchi zetu kwa miaka mingi mlipaji mkubwa amekuwa Mfuko wa Dunia, ulioanza 2002, na mpango wa Marekani uitwao PEPFAR, ulioanza 2003. Bei ndiyo inayoamua fedha hizo zitafika kwa watu wangapi. Dola 10,000 zilizomtibu mtu mmoja kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1990 leo zinawatosha zaidi ya 200. Kama bei isingeshuka, mimi na wewe tusingekuwa kwenye foleni moja. Foleni yenyewe isingekuwepo.

2. Kopo langu limeandikwa limetengenezwa India. Kwa nini sisi tusipewe za Ulaya?

Mama mmoja aliniletea kopo lake limevingirishwa kwenye leso, ndani kalijaza pamba ili vidonge visilie. (Wengi hatubebi kopo kabisa. Vidonge vinavyogongana mkobani ndani ya daladala ni kengele.) Alidhani amepewa dawa ya daraja la pili. Tukalisoma kopo pamoja: dolutegravir miligramu 50, lamivudine 300, tenofovir 300. Vitu vitatu ndani ya kidonge kimoja, ndicho wahudumu wanachokiita TLD. Dawa hizo ni zilezile anazomeza mtu wa London.

Anayethibitisha si muuzaji. Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2001 kukagua viwanda na dawa kabla hazijanunuliwa na mashirika ya kimataifa, na tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani nayo inazipitia za jeneriki zinazonunuliwa kwa fedha za PEPFAR. Jeneriki ni dawa ileile, inayotengenezwa na kiwanda ambacho si cha mgunduzi. Kuhusu wanaoziita feki, tazama swali la 9.

3. Hataza ni nini hasa?

Ni haki ambayo serikali humpa mgunduzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichogundua. Tangu mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) uanze kutumika tarehe 1 Januari 1995, nchi wanachama zinatakiwa kutoa ulinzi wa miaka 20, dawa zikiwemo. Mwenye hataza yuko peke yake sokoni, kwa hiyo bei anapanga yeye.

Mkataba huohuo una milango ya dharura. Mkubwa ni leseni ya lazima: serikali inaweza kuruhusu kiwanda kingine kitengeneze dawa hata mwenye hataza akikataa, kwa masharti na kwa malipo fulani. Mlango mwingine ni kununua dawa halali kutoka nchi inakouzwa rahisi. Kilichogombaniwa miaka yote hii ni nani anathubutu kuifungua.

4. Mwanzoni ziliuzwa kiasi gani?

AZT, ARV ya kwanza, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987, dozi ya mwaka ilikuwa maelfu ya dola, na mwaka huohuo wagonjwa na marafiki zao New York waliunda kundi la ACT UP na kuingia barabarani kupinga bei hiyo. Mwaka 1996 ikajulikana kwamba dawa tatu zikitumika pamoja zinafubaza virusi vizuri. Mchanganyiko huo uligharimu dola 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Brazil ikapitisha sheria mwaka huohuo ya kuwapa watu wake bure. Huku kwetu watu waliendelea kuzikwa.

Julai 2000, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI Durban, jaji wa Afrika Kusini Edwin Cameron alisimama akasema yeye yu hai kwa sababu tu mshahara wake unamwezesha kununua dawa. Jaji, mbele ya dunia nzima, akieleza kwamba uhai wake ni suala la kipato. Waliokuwa na VVU miaka ile bado wanaikumbuka siku hiyo.

## Bei ilivyoporomoka

5. Nani aliishusha?

Jina linalotajwa zaidi ni Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India. Februari 2001 alitangaza kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mtu kwa mwaka. Walioufuata utaratibu wa zamani wa kuomba punguzo walibaki midomo wazi.

Aliweza kwa sababu ya sheria. Sheria ya hataza ya India ya mwaka 1970 ililinda namna ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe. Ni kama kusema unaweza kumiliki njia yako ya kupika pilau, lakini huwezi kumzuia jirani kupika pilau kwa njia yake. Wakemia wa Mumbai na Hyderabad walitumia miaka thelathini kutafuta njia zao. India ilibadili sheria mwaka 2005 kutimiza TRIPS, ila ikabakiza kifungu kinachokataa hataza kwa mabadiliko madogo ya dawa ya zamani. Mwaka 2013 Mahakama yake ya Juu iliinyima Novartis hataza ya dawa ya saratani kwa kifungu hicho.

Baada ya Cipla wakaja wengine, na ushindani ukafanya kazi yake. Mwaka 2017 TLD ilitangazwa kwa takriban dola 75 kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ukaipata kwa chini ya dola 45. Huruma haikuhusika sana hapo, viwanda vilikuwa vinagombea zabuni.

6. Kesi ya Pretoria ilihusu nini?

Mwaka 1997 Afrika Kusini ilitunga sheria ya kumruhusu waziri wa afya kuingiza dawa za bei nafuu kutoka nje na kuhimiza jeneriki. Mwaka uliofuata chama cha watengenezaji dawa na makampuni yake wakaenda mahakamani, Rais Mandela akiwa miongoni mwa walalamikiwa. Kesi ilipoanza kusikilizwa tarehe 5 Machi 2001, makampuni 39 yalikuwa upande mmoja.

Upande wa pili, pamoja na serikali, liliingia kundi lililoanzishwa Cape Town tarehe 10 Desemba 1998: Treatment Action Campaign, TAC kwa kifupi. Liliomba kuwa rafiki wa mahakama, likakubaliwa. Hapo kesi ikageuka. Mabishano ya wanasheria juu ya vifungu yakawa sasa na sura za watu, na makampuni yakatakiwa kujibu hoja za bei. Nje ya mahakama watu walivaa fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani kwa herufi kubwa kwamba wana VVU, enzi ambazo kusema hivyo mtaani kulihatarisha maisha. Tarehe 19 Aprili makampuni yakaondoa kesi.

Wengi huishia hapo wakisimulia, na ni kosa. Serikali iliyoshinda haikutoa dawa. Rais Thabo Mbeki alitilia shaka sayansi ya VVU, na Oktoba 1999 alikuwa amewaambia wabunge kuna maandishi mengi kwenye intaneti kuhusu madhara ya AZT, wayasome. Intaneti ileile iliyowaunganisha wanaharakati ndiyo iliyompa rais hoja za wapotoshaji. TAC ikaishtaki serikali iliyokuwa imekaa nayo benchi moja, na tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru nevirapine, ARV ya kumkinga mtoto asiambukizwe, itolewe kwa wajawazito. Zackie Achmat, mmoja wa waanzilishi, alikataa kumeza ARV hadi zipatikane hospitali za umma, alianza 2003. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

7. Wanaharakati wa nchi tajiri walitusaidia kweli, au ni kujionyesha?

Walisaidia pale walipowabana wakubwa wa kwao. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiishinikiza Afrika Kusini iifute sheria ya 1997. Juni 1999 Makamu wa Rais Al Gore alipokuwa akizindua kampeni ya urais nyumbani kwao Carthage, Tennessee, wanaharakati walisimama katikati ya umati wakampigia kelele kuhusu dawa za Afrika, kamera zote zikiwepo. Mei 2000 Rais Clinton akasaini amri kwamba Marekani haitazibana nchi za Kusini mwa Sahara zinazotumia njia halali kupata dawa za UKIMWI. Barua pepe ziliwafikishia taarifa, lakini waliopiga kelele walikwenda kwa miguu yao.

Kazi ya kuhatarisha shingo ilifanyika huku. Oktoba 2000 TAC iliingiza Afrika Kusini fluconazole ya jeneriki, dawa ya fangasi, kutoka Thailand bila kibali, hadharani, na kuipa kampeni hiyo jina la mwenzao Christopher Moraka, aliyefariki miezi michache kabla kwa kukosa dawa hiyo.

Novemba 2001, Doha, mawaziri wa biashara wakatamka rasmi kwamba TRIPS isizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Tamko lilikuja baada ya Pretoria, si kabla.

## Huku kwetu

8. Kenya na Tanzania zina haki sawa kuhusu hataza za dawa?

Hapana, na wengi hushangaa. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambazo hazilazimiki kutoa wala kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Kenya haiko kwenye kundi hilo. Ndiyo maana wanaharakati wa Nairobi walipigania Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, inayoruhusu kuingiza dawa halali za bei nafuu kutoka nchi nyingine.

Msamaha wa kimataifa haujitekelezi wenyewe. Rwanda na Uganda waliuandika kwenye sheria zao. Ukiulizwa kikaoni kuhusu nchi yako, swali la kwanza ni sheria ya nyumbani inasemaje, halafu ndipo ya WTO kule Geneva.

9. Nasikia jeneriki ni bandia. Kweli?

Si kweli, na mahakama imeshasema. Sheria ya Kenya ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia ilieleza "bandia" kwa upana kiasi kwamba dawa halali ya jeneriki ingeweza kukamatwa bandarini. Watu watatu wanaoishi na VVU walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya uhai, ya utu na ya afya, na kwamba haki ya mwenye hataza haiwezi kutangulia uhai wa mtu.

Dawa bandia ni ile inayodanganya kilichomo au aliyeitengeneza. Hiyo ipo, inaua, na dawa yake ni ukaguzi. Kuzichanganya mbili hizi humfaidi mtu mmoja tu, na si mgonjwa.

10. Nchi isiyo na kiwanda inapataje dawa kwa leseni ya lazima?

Uliza Rwanda. Julai 2007 iliitaarifu WTO kwamba itaagiza mchanganyiko wa dawa tatu kutoka Canada, kwa utaratibu uliowekwa 2003. Canada ikatoa leseni kwa kampuni ya Apotex mwezi Septemba. Shehena ya kwanza ilifika Septemba 2008. Kwenye karatasi utaratibu huo ni mzuri. Kwa mgonjwa anayesubiri, mwaka ni mrefu mno.

Njia ambayo imezaa zaidi ni leseni za hiari, hasa kupitia Medicines Patent Pool iliyoanzishwa 2010, na viwanda vyetu wenyewe. Kiwanda cha Quality Chemicals cha Luzira, Kampala, kimetengeneza ARV kwa miaka mingi. Universal Corporation ya Kikuyu, Kenya, ilipata idhini ya Shirika la Afya Duniani kwa TLD mwaka 2023, na 2025 Mfuko wa Dunia ukainunua na kuipeleka Msumbiji. Ukikutana na kopo lililoandikwa Kenya, usishtuke.

## Simu na taarifa zako

11. Ujumbe wa simu unasaidia kweli mtu kumeza dawa?

Unasaidia ukiwa na mtu nyuma yake. Utafiti uitwao WelTel ulifanyika Kenya na kuchapishwa 2010, wagonjwa 538. Kila wiki nesi aliwatumia nusu yao neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Waliosema shida, au kunyamaza, walipigiwa. Waliopata ujumbe huo walimeza dawa vizuri zaidi, na virusi vilifubaa kwa wengi zaidi.

Angalia kilichofanyika: hakuna neno VVU, hakuna dawa, hata mwenye simu akiazima jirani hakuna siri iliyovuja. Siku hizi naona programu zenye rangi na kengele zinazoita "muda wa dawa" saa tatu usiku mbele ya wakwe. Aliyezibuni hajawahi kulala chumba kimoja na watu sita.

12. Taarifa zangu ziko kwenye kompyuta. Zinaweza kuvuja?

Zinaweza. Januari 2019 ilijulikana kwamba taarifa za watu 14,200 kutoka daftari la VVU la Singapore zimewekwa mtandaoni, majina na yote. Kenya mwaka 2015 ilitoka amri ya rais ya kukusanya takwimu za watoto wa shule wenye VVU, pamoja na majina. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema imekiuka katiba. Kumbuka hapo hakukuwa na mdukuzi, ilikuwa fomu tu.

Sheria ya VVU ya Tanzania ya 2008 na ya Kenya ya 2006 zinalinda usiri wa majibu yako. Una haki ya kuuliza nani anaona faili lako na kwa nini alama za vidole zinahitajika. Mimi niliwahi kuitwa jina langu la tatu na namba ya kadi kwa kipaza sauti, ukumbi umejaa. Kompyuta haikuwa na kosa siku hiyo.

13. Kwenye kundi la WhatsApp wameleta dawa ya mitishamba inayoponya. Niache ARV?

Usiache. Wenye umri wangu wanakumbuka Loliondo, 2011: mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kijijini Samunge, kikombe shilingi 500, magari yamepangana kilomita kwa kilomita, watu wanatoka Kenya na mbali zaidi. Habari ilisambazwa na simu na redio kwa kasi ambayo hakuna waraka wa wizara ulioifikia. Miongoni mwa waliokunywa walikuwepo walioacha ARV. Simcheki aliyekwenda. Kiu ya kupona kabisa ni ya kweli, na hadi leo kidonge hakiponyi, kinafubaza. Kinapofubaza hadi kipimo kisione virusi, huambukizi kwa ngono.

## Ya sasa, na yenye utata

14. Marekani ikisitisha misaada, dawa zitaisha?

Tulilionja hilo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baadaye ikatolewa ruhusa kwa tiba za kuokoa maisha, lakini dawa haitembei yenyewe: makarani wa data, waelimisha rika na wafuatiliaji wa walioacha dawa walirudishwa nyumbani sehemu nyingi. Julai mosi 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, likafungwa. Vidonge stoo, aliyekuwa akimfuata mtu mlimani hayupo.

Si mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 2021 shehena ya ARV ilikwama bandari ya Mombasa serikali na mfadhili wakivutana kuhusu kodi, hadi wagonjwa wakaandamana. Kwa hiyo kwenye kikao cha halmashauri uliza mambo mawili: bajeti ya ndani ya dawa ni kiasi gani, na nani analipa mishahara ya CTC, yaani kliniki zetu za tiba na matunzo. Usikubali kujibiwa lile la kwanza tu.

15. Kuna sindano ya mara mbili kwa mwaka. Ni tiba?

Lenacapavir tunayoisikia ni kinga kwa asiye na VVU. Katika majaribio ya Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walioichomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Matokeo yalitoka Juni 2024. Marekani iliidhinisha Juni 2025 kwa dola 28,218 kwa mwaka. Julai, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwenye mkutano wa Kigali. Septemba zikatangazwa jeneriki za takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027.

Tofauti na mwaka 1996, safari hii mwenye hataza, kampuni ya Gilead, ilitoa leseni kwa viwanda sita na kuruhusu wauze nchi 120, kabla hata ya idhini. Hiyo ni matunda ya swali la 6. Lakini Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambako watu walijitolea miili yao kwenye majaribio, zimeachwa nje ya orodha. Sisi tumo. Wale walioandamana kwa ajili yetu mwaka 2001 hawakuwa na VVU vya Kiafrika pia.

16. Ndugu yangu yuko Marekani, anasema dawa ni zaidi ya dola 3,000 kwa mwezi. Anatania?

Hatanii. Kule dawa zenye chapa bado ziko chini ya hataza, na bei ya orodha hufika huko. Wengi hawailipi mfukoni: bima huchukua sehemu kubwa, na asiye na bima anaweza kusaidiwa na mpango wa Ryan White ulioanza 1990. Mwambie aulize kliniki kwa jina hilo. Kumtumia dawa zako kwa DHL si suluhisho, utabaki na pengo na zake zitakamatwa.

17. Binti yangu ana VVU na wakala anampeleka Uarabuni kufanya kazi za ndani. Itakuwaje?

Nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, hupima VVU wafanyakazi wahamiaji. Akipimwa kabla ya safari atakataliwa. Akipimwa akiwa huko hurudishwa nyumbani. Marekani iliondoa marufuku yake Januari 2010, na Uchina mwaka huohuo, baada ya kelele nyingi. Ghuba bado.

Kwa hiyo alijue hilo kabla hajamlipa wakala hata senti, na kabla familia haijauza kiwanja. Wakala anayesema "kipimo tutakipitisha" anapokea fedha zake na kumwachia binti hatari yote. Kama tayari yuko huko na vidonge vinakaribia kwisha, apige simu kliniki yake ya nyumbani aseme amebakiwa na vingapi na aulize afanye nini; asiache kimya kimya, wala asigawe dozi nusu nusu ili zimfikishe.